Moja na Moja Imekuwaje Nne? Swali la Milia ya Mwanga

Kwako Mshauri wa Masomo,

Pokea salamu zangu kutoka mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na nimekuandikia kwa sababu kuna jambo katika somo la Fizikia ambalo limeninyima usingizi kwa majuma mawili sasa.

Tulifanya jaribio la mianya miwili katika maabara. Mwalimu alifunga mapazia, akaweka leza nyekundu nyuma ya kioo cheusi chenye mianya miwili myembamba sana, na ukutani, mita mbili kutoka kwenye kioo, ikatokea milia ya mwanga na milia ya giza ikipishana. Mimi nilipewa kazi ya kupima. Nilihesabu milia tisa ya mwanga, na kutoka katikati ya ule wa kwanza hadi katikati ya ule wa tisa rula ilisoma milimita 42. Kwenye fremu ya kioo imeandikwa kwamba mianya imeachana kwa milimita 0.25 na kila mmoja una upana wa milimita 0.05, leza nayo imeandikwa nanomita 650, ambao ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Hadi hapo nilikuwa nimefurahi.

Mambo yaliniharibikia katika mtihani mfupi wa juma lililofuata. Tuliulizwa: ikiwa mwanya mmoja peke yake unatoa ung'avu wa 1 katikati ya ukuta, je, mianya yote miwili ikiwa wazi ung'avu wa hapo utakuwa ngapi? Nikaandika 2. Nikakosa, kwa kuwa jibu lilikuwa 4. Nilipouliza zile mbili za ziada zimetoka wapi, ilhali tumefundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, niliambiwa kwamba kipindi kimekwisha na kwamba nikariri kanuni ilivyo. Nimeikariri, lakini sijaridhika.

Tena, kitabu chetu kinachora milia yote ikiwa na ung'avu sawa, lakini niliyoiona mimi ilikuwa na wa katikati mkali na ya pembeni hafifu, hata ile ya mwisho ilibidi nisogee karibu na ukuta ndipo niione. Nyumbani nilizima taa, nikamulika ukuta kwa tochi mbili kwa pamoja, na sikuona mlia hata mmoja. Baba aliponiona aliniambia kwamba mwanga ukiongezwa mwanga ni lazima upate mwanga zaidi, na kwamba giza haliwezi kutoka hapo. Nilishindwa kumjibu.

Fizikia niliichagua mwenyewe mwishoni mwa kidato cha pili kwa sababu nataka kuwa mhandisi. Sasa naogopa. Je, ni mimi nisiyeelewa, au kuna hatua ambayo sikuonyeshwa?

Msomaji wako, Umoja.

*

Mwanangu,

Kuna hatua ambayo hukuonyeshwa. Nianze na zile mbili za ziada, kwa kuwa ndizo zilizokunyima usingizi, na kwa kuwa ukishajua zilikotoka utaweza kujijibu mwenyewe kuhusu tochi, kuhusu milia hafifu ya pembeni, na hata kuhusu maneno ya baba. Jibu lako la 2 ni sahihi kabisa kwa tochi zako mbili, lakini si sahihi kwa mianya miwili ya maabara.

Mwanga ni wimbi, na wimbi lina vilele na mabonde. Mianya yote miwili ikiwa wazi, kila mahali ukutani hufikiwa na mawimbi mawili, na yanapofika hapo kinachojumlishwa ni mawimbi yenyewe, kilele kwa kilele na bonde kwa bonde, wala si ung'avu wake. Ung'avu huja baadaye, baada ya hesabu ya mawimbi kukamilika. Wewe ulichukua ung'avu 1 ukaongeza ung'avu 1. Ulipaswa kuchukua kimo cha wimbi la kwanza ukaongeza kimo cha wimbi la pili, kisha ndipo uulize ung'avu ni kiasi gani.

Katikati ya ukuta mawimbi yote mawili yamesafiri umbali uleule, kwa hiyo kilele cha hili hukutana na kilele cha lile, na kimo cha jumla ni 1 kuongeza 1, yaani 2. Sasa, ung'avu haulingani na kimo, bali na kipeo cha pili cha kimo, na sababu yake umeshakutana nayo katika somo la springi: ukiivuta springi mara mbili zaidi, umeongeza umbali mara mbili, na nguvu uliyotumia nayo imeongezeka mara mbili, kwa hiyo nishati uliyoweka ndani yake ni mara nne. Wimbi nalo ni hivyo hivyo. Kimo cha 2 hutoa ung'avu wa 2 mara 2, na hiyo ndiyo 4 yenu ya mtihani.

Sogea kidogo kando ya katikati. Wimbi la mwanya mmoja sasa linasafiri mbali kidogo kuliko lenzake, na vilele havikutani tena sawasawa. Tofauti ya safari ikifika sehemu moja ya sita ya urefu wa wimbi, yaani umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ung'avu huwa 3. Ikifika robo, ung'avu ni 2, lile jibu lako hasa, ambalo lipo ukutani ila si katikati. Ikifika theluthi, ung'avu ni 1, maana yake mianya yote miwili iko wazi na bado mahali hapo pana mwanga uleule ambao mwanya mmoja ungeutoa peke yake. Na ikifika nusu, ambayo kwa leza yenu ni nanomita 325, kilele cha wimbi moja huangukia bonde la jingine, kimo cha jumla ni sufuri, na ung'avu ni sufuri. Hapo ndipo katikati ya mlia wa giza. Ukiupita, ung'avu hupanda tena 1, 2, 3 hadi 4 kwenye mlia unaofuata. Kwa hiyo milia haina kingo zilizokatwa kwa wembe. Mwanga hupanda na kushuka taratibu, na nadhani ukikumbuka ulichokiona ukutani utakubali kwamba ndivyo kilivyokuwa.

Sasa tufanye hesabu ya nishati, ambayo wewe ulikuwa na haki ya kuidai. Kutoka 4 kushuka hadi 0 na kupanda tena, wastani wa ung'avu ukutani ni 2, yaani 1 ya mwanya wa kwanza na 1 ya mwanya wa pili. Hakuna kilichoumbwa. Bila shaka unavijua vyama vya akina mama mtaani kwenu. Chukua kikao cha wanachama ishirini, kila mmoja na shilingi 200, ambapo mezani pana shilingi 4,000. Wakikubaliana kwamba leo kumi wapokee shilingi 400 kila mmoja na kumi waondoke mikono mitupu, mwenye 400 hajazalishiwa senti moja. Amepokea ya mwenzake. Mlia wa mwanga ni yule aliyepokea 400, na mlia wa giza ni yule aliyeondoka mikono mitupu. Tofauti na chama ni kwamba ukutani zamu haibadiliki: mradi vifaa havijasogezwa, mahali pa giza hubaki giza na mahali pa mwanga hubaki mwanga. Lile 4 lililokushtua ni la katikati ya mlia peke yake, na ukilitazama bila kuutazama mlia wa giza ulio kando yake ni lazima uone kama nishati imeumbwa.

Nije kwenye tochi. Mwanga wa tochi hutolewa na chembe nyingi zisizohesabika, kila moja ikitoa wimbi fupi kwa wakati wake bila kushauriana na nyingine, na mpangilio wa vilele hubadilika mara nyingi mno katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Tochi mbili ni vyanzo viwili visivyokwenda kwa hatua moja. Kwa kitambo kidogo mno huenda mahali fulani ukutani vilele vikakutana na ung'avu ukawa 4, lakini kabla jicho halijatambua lolote mahali hapohapo pamekuwa 1, kisha 0, kisha 3, na jicho haliwezi kuona ila wastani, ambao ni 2. Milia haikosekani kabisa. Inakimbia kuliko jicho. Na hata kama ungeweza kuisimamisha usingeiona, kwa sababu tochi zako ziliachana sana. Tukikadiria kwamba zilikuwa sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine, na ukuta uko mita mbili, milia ya mwanga mwekundu ingeachana kwa takriban milimita 0.013, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Katika maabara mianya miwili ilipokea mwanga kutoka leza moja, kwa hiyo chochote kilichobadilika katika wimbi la mwanya mmoja kilibadilika wakati huohuo katika wimbi la mwanya wa pili, na milia ikatulia mahali pake.

Sasa swali la milia ya pembeni, ambalo limenifurahisha kuliko yote, kwa kuwa hapo uliamini macho yako mbele ya mchoro wa kitabu. Mchoro ule unachukulia kwamba kila mwanya ni mwembamba kiasi cha kumwaga mwanga sawasawa pande zote. Mwanya wa kweli una upana, na mwanga unaotoka katika mwanya wenye upana hutanuka huku ukiwa mkali katikati na kupungua kadiri unavyokwenda pembeni, mpaka mahali ambapo mwanya huo, hata ukiwa peke yake, hauna cha kutoa. Ndiyo kusema ile 1 tuliyoanza nayo si 1 kila mahali. Milia inatokana na mianya kuwa miwili, lakini kiasi cha mwanga kilichopo cha kugawanya hutokana na upana wa kila mwanya.

Kwa vifaa vyenu tunaweza kupata tarakimu zenyewe. Ukiupa mlia wa katikati ung'avu wa 100, unaofuata kila upande una takriban 88, wa pili 57, wa tatu 25, na wa nne 5 tu. Huo wa nne ndio uliokulazimisha kusogea karibu na ukuta. Wa tano haupo kabisa. Mianya yenu imeachana kwa milimita 0.25 na upana wa kila mmoja ni milimita 0.05, na ya kwanza ni mara tano ya pili, kwa hiyo mlia wa tano unaangukia palepale ambapo kila mwanya peke yake hautoi mwanga. Minne upande wa kulia, minne upande wa kushoto, na mmoja wa katikati: tisa, kama ulivyohesabu. Chumba kikiwa na giza la kutosha utaona ng'ambo ya pengo hilo milia mingine hafifu sana, wa sita, wa saba na kuendelea, yenye ung'avu usiofika hata 5 kwa 100.

Ikiwa milia ya giza katika maabara yenu haikuwa giza kamili, jambo ambalo hukulitaja, fahamu kwamba hilo hutokea mwanya mmoja ukipitisha mwanga kidogo kuliko mwenzake, pengine kwa vumbi. Kimo cha wimbi moja kikiwa 1 na cha jingine 0.5, mwanga mkali zaidi ni 1.5 kwa kipeo cha pili, yaani 2.25, na mahali pa giza hubaki 0.25.

Kipimo chako nacho kilikuwa kizuri. Ulipima milia tisa kwa pamoja, ambayo ina nafasi nane katikati yake, na 42 gawanya kwa 8 ni milimita 5.25. Wengi hupima nafasi moja tu, na kosa la nusu milimita katika rula likaharibu jibu lote. Zidisha 5.25 kwa 0.25, gawanya kwa milimita 2,000 za umbali wa ukuta, na utapata milimita 0.000656, yaani urefu wa wimbi wa nanomita 656, wakati leza imeandikwa 650. Mtu anayepima wimbi la mwanga kwa rula ya shule na kukosea kwa sehemu moja tu katika mia hana sababu ya kuogopa uhandisi.

Kuhusu baba, mjibu kwa heshima na umwambie kwamba alichokisema kilisemwa pia na wasomi wakubwa. Mwaka wa 1803 Mwingereza Thomas Young aliieleza Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, jaribio alilolifanya kwa mwanga wa jua: aliupitisha katika tundu dogo, akasimamisha katika njia yake kipande cha kadi chenye upana usiofika milimita moja, na ndani ya kivuli cha kadi ile akaona milia. Alipozuia mwanga wa upande mmoja tu wa kadi, milia ya ndani ya kivuli ilitoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili uliendelea kufika kama kawaida. Wako waliomshambulia kwa maandishi makali. Mfaransa Augustin Fresnel alipowasilisha hoja ya mawimbi katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka wa 1818, mmoja wa waamuzi, Siméon Poisson, alipiga hesabu na kusema kwamba kama Fresnel ni mkweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo ni lazima pawe na nukta ya mwanga, jambo aliloliona kuwa haliwezekani. Mwamuzi mwenzake, François Arago, alifanya jaribio. Nukta ilikuwepo.

Lakini baba ataamini zaidi akiona kwa macho yake, na kitu cha kumwonyesha kipo jikoni. Pinda waya uwe duara, uchovye katika maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo, kisha uusimamishe wima mbele ya kitambaa cheusi, mwanga wa dirisha ukitokea nyuma yenu. Utaona mistari ya rangi ikishuka taratibu kadiri maji yanavyoteremka na utando kuwa mwembamba upande wa juu. Ukiwa na bahati usipasuke mapema, sehemu ya juu kabisa itageuka nyeusi, hata utadhani utando umetoboka, kumbe bado upo. Hapo utando umekuwa mwembamba kiasi kwamba mawimbi mawili, moja lililorudishwa na uso wa mbele na jingine na uso wa nyuma, karibu hayana tofauti ya safari. Ila lile la uso wa mbele hugeuzwa linaporudi, kilele kikawa bonde, na la uso wa nyuma haligeuzwi. Yanafutana. Mwanga ambao haukurudi machoni mwenu umepita ng'ambo ya utando, kwa hiyo hata hapa hesabu ya nishati haijapungua. Rangi mnazoziona barabarani baada ya mvua, pale mafuta ya magari yanapoelea juu ya dimbwi la maji, ni za ukoo huohuo.

Sitakushauri ugombane na mwalimu. Kipindi cha dakika 40 chenye jaribio la kupima ni kifupi, na maswali kama lako huja wakati kengele inagonga. Hata hivyo, kuambiwa ukariri hakukutosha, na hukukosea kutoridhika. Mwendee wakati wa mapumziko, mpe kipimo chako cha nanomita 656, kisha umwombe jambo moja dogo: mrudishe leza na kioo mahali palepale, na uweke alama mbili za penseli ukutani, moja katikati ya mlia mkali kuliko yote na nyingine katikati ya mlia wa giza ulio karibu nao. Vioo vingi vya namna hiyo huwa na mwanya mmoja peke yake pembeni. Kama chenu kinao, wenye upana wa milimita 0.05, usogezeni mbele ya leza badala ya mianya miwili, na macho ya kila mtu yawe ukutani, kamwe yasielekee kwenye leza. Kwenye alama ya kwanza ung'avu utashuka kutoka 4 hadi 1. Kwenye alama ya pili, ambapo palikuwa giza mianya miwili ilipokuwa wazi, mtaona mwanga umeingia baada ya nyinyi kuondoa mwanya mmoja, nao utakaribia 1.